Mrija wa kuka uliotoka kwenye ndege ya vita: nilivyoufuata kutoka Bokoli hadi nyuma ya msikiti wa Kitale

Wakuu, salamu kwenu nyote mliomo humu.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Nacheka na nyuzi zenu, nalia na zingine, kisha nazima simu kama mwizi. Leo nimeona nilipe kwa kusimulia la kwetu. Mengi niliyaona mwenyewe, na pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo. Majina nimeyageuza kwa heshima ya wenyewe, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Weka chai karibu, si uzi mfupi.

Mimi ni Mbukusu, mtu wa Bungoma, upande wa Bokoli, lakini kazi imeniweka Kitale. Naishi mtaa wa Matisi.

Kuka, yaani babu yangu mzaa baba, alituacha mwaka jana mvua zikianza. Alikuwa mzee mpole, wa kuvaa koti hata jua likiwaka, wa kuuliza mtoto "umekula?" kabla hajamuuliza jina. Siku zake za mwisho alimwambia mke wake, kukhu, kwamba mrija wake nipewe mimi.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: wazee hunywa busaa, pombe yetu ya wimbi, kutoka chungu kimoja. Chungu kinakaa katikati, wao wanakizunguka, na kila mmoja ana mrija wake mrefu. Tunauita lusekhe. Ncha ya chini ina chujio, ili unyonye pombe na machicha yabaki chunguni. Mrija wa mtu ni wa mtu. Huazimi mrija wa mzee kama vile huazimi meno yake.

Mirija ya wengi hutoka kwenye mimea yenye uwazi ndani. Wa kuka ulikuwa wa chuma.

Chuma chepesi, rangi ya sufuria, mrefu kunizidi kidogo, umepinda pale katikati kama mtu anayetega sikio. Chujio lake ni la nyaya nyembamba za shaba zilizosukwa vizuri, kazi ambayo hakuna fundi wa Bokoli angeifanya. Karibu na chujio kuna mabaka ya rangi ya kijani ambayo busaa ya miaka yote hiyo imeshindwa kuyatoa. Na ule upande wa mdomo umejaa alama za meno, maana kabla ya kuka ulikuwa wa baba yake.

Nyumbani uliitwa mrija wa ndege. Baba yake kuka, mzee Wanjala, ambaye mimi nimerithi jina lake, alirudi nao kutoka vita vya pili vya wazungu alipokuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la huku kwetu. Ulitoka kwenye ndege. Ndege gani, wapi, ilipatwa na nini, hakuna aliyejua. Hadithi ilikuwa inaishia hapo na sisi watoto tulitosheka nayo.

Sasa, kwetu mzee akifa mrija wake unapumzika. Unatundikwa ukutani mpaka siku ya kumkumbuka. Siku hiyo chungu kinawekwa, mrija unashushwa, na aliyerithi ananyonya mbele ya wazee ili wote wajue nafasi ile ya mzee haijaachwa wazi.

Siku ilipokaribia, baba mkubwa akasema haiwezekani.

Baba mkubwa Simiyu ni mtoto wa kwanza wa kuka, kaka yake baba yangu. Si mtu wa maneno mengi. Alituita nyumbani kwa kukhu, akaketi, akasema mrija ule uzikwe. Kuna mzee alishamwambia kwamba ulitolewa kwenye ndege iliyoungua na watu ndani. Kitu kilichotoka mikononi mwa maiti wasiozikwa, akasema, hakiwezi kuendelea kulala ndani ya boma.

Vijana wengine walitaka kucheka. Mimi sikucheka, na nitawaambia kwa nini.

Baba mkubwa amezika watoto wawili. Dennis aliondoka na malaria akiwa bado wa shule ya msingi. Collins aliondoka na pikipiki, ameshaota ndevu. Siku zote mbili kuka alikuwa amempisha baba mkubwa kwenye kiti chake pale chunguni, na akampa na mrija wake, heshima ambayo baba humpa kifungua mimba. Mara zote mbili habari ilimkuta huo mrija ukiwa mdomoni.

Sasa wewe ungemwambia nini mtu kama huyo? Ati ni bahati mbaya tu?

Kukhu alikuwa pembeni anapepeta maharagwe. Yeye ni mtu wa kanisa, hajawahi kuonja busaa maishani. Lakini ule mrija ameusafisha na kuutundika tangu alipoolewa. Alisema kitu kimoja tu. "Simiyu, ukizika huo mrija utakuwa umenizikia mume wangu mara ya pili, na safari hii bila kosa."

Mwishowe baba mkubwa akakubali jambo moja. Mtu akileta ukweli kwamba hakuna aliyekufa kwenye ile ndege, yeye atanyamaza. Asipoupata, mrija unaingia ardhini siku ileile ya kumkumbuka kuka.

Wote wakanigeukia mimi. Si ndiye mrithi.

Nilianza na simu, kama kijana yeyote. Nilipiga picha mrija kutoka kila upande nikaziweka mtandaoni, kwenye kundi la watu wa nje wanaopenda ndege za zamani. Walinijibu kwa upole sana. Wakasema inaonekana ni bomba la mafuta, na lile chujio lilikaa ndani ya tangi kuzuia uchafu usifike kwenye injini. Aina ya ndege hawawezi kujua kwa sababu hakuna namba iliyobaki.

Mmoja akauliza zile alama za upande wa pili zimesababishwa na nini. Nikamwandikia: meno ya babu zangu. Akaandika kwamba hilo hajalikuta kwenye kitabu chochote.

Kwa hiyo nilijua kitu kilikuwa nini. Kama kuna mtu alikufa, sikujua.

Nikarudi kwa kukhu. Nilimuuliza kama mzee Wanjala hakuwahi kusimulia. Akaniangalia kama mtu aliyepotea. Mkaza mwana wa zamani, akasema, angekaa wapi na baba mkwe mpaka asikie hadithi za jeshi? Ukimwona anakuja huku, wewe unapita kule. Ukimpelekea maji unayaweka chini, unageuka. Yule mzee alikuwa na hadithi za kujaza gunia na yeye alizisikia kama kicheko tu, nyuma ya ukuta.

Halafu akaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza nikiwa mdogo. "Wewe, hujawahi kushangaa kwa nini kuka wako aliitwa Feruzi?"

Kusema kweli, hapana. Kwetu akina Juma na Musa wamejaa na wanaenda kanisani kila Jumapili. Feruzi ilikuwa kuka tu.

Ndipo akaniambia. Feruzi alikuwa rafiki wa jeshi wa mzee Wanjala. Mtu wa Kitale, mtu wa msikiti. Kukhu alimwona mara moja, akiwa bado bibi harusi. Alikuja na halua kwenye karatasi, akapewa jogoo, akaomba kisu amchinje mwenyewe ndipo ale. Watoto walimzunguka wakishangaa mgeni anayejipikia karibu kila kitu. Jioni ile wazee wawili walicheka sana nje. Baadaye hakuja tena, na kukhu hakujua ni nani alitangulia kufa.

Nikarudi Kitale na mrija nimeuviringisha kwenye shuka.

Wakuu, naomba mnione hapo. Mbukusu mzima, amesimama nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, amebeba kitu kirefu kimefungwa shuka. Mzee mmoja wa pale mlangoni akanitazama toka juu mpaka chini, akauliza kama ni bunduki. Nikasema ni mrija. Akauliza mrija wa nini.

Nikaona aibu kutaja busaa kwenye mlango wa msikiti. Nikasema wa maji.

Yule mzee aliniangalia kwa huruma, kama mtu asiye na kikombe. Lakini nilipotaja jina la Feruzi aliyekuwa askari wa Keya, uso wake ukafunguka. Feruzi ameshakufa zamani, akasema, lakini binti yake yuko hapo nyuma tu. Akaniongoza mwenyewe, na tulipofika akatangaza kwa sauti kwamba kuna kijana ameleta mrija wa maji.

Bi Zaituni ni mama mzee, mnene kidogo, mwenye macho ya kucheka. Tulimkuta uani akipika wali wa harusi ya jirani kwenye sufuria kubwa, amezungukwa na wajukuu. Nikamwamkia shikamoo, akanikaribisha kwenye kigoda. Akafungua shuka langu bila kuniuliza, akainua ule upande wa chujio, akaunusa.

"Maji ya kwenu yana wimbi ndani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wajukuu wakacheka, yule mzee wa mlangoni akacheka, hata mimi nikacheka. Nikamwambia ukweli wote, ya kuka, ya baba mkubwa, ya watoto wawili.

Bi Zaituni aliinama, akachomoa kutoka chini ya kuni bomba la kupulizia moto. Chuma chepesi, rangi ya sufuria, jeusi kwa masizi upande mmoja. Akalisugua kwa kanga. Chini ya masizi kukatokea kijani kilekile.

Wakuu, niliusogeza mrija wetu ukalala kando yake.

Basi hapa naingia kwenye sehemu ambayo sikuwepo, nasimulia kama Bi Zaituni alivyosimuliwa na baba yake.

Walikuwa kambini, huko kaskazini kwenye nchi kavu. Mvua ambayo hainyeshi kule ikanyesha. Ndege ndogo ikaja kutua, uwanja umekuwa tope, magurudumu yakazama, ndege ikaangukia pua na mkia ukabaki juu. Askari wakakimbia wakijua wanaenda kutoa maiti. Wakamkuta mzungu amekaa juu ya bawa, anatukana kwa lugha yake, amepoteza kiatu kimoja. Alikuwa peke yake. Feruzi, ambaye alikuwa mpishi, akampelekea chai. Akanywa, akaomba nyingine.

Ndege haikutengenezeka. Wakubwa wakachukua injini na vyombo, mabaki wakaachiwa askari. Huyu akatengeneza kitana, yule kijiko. Mzee Wanjala akaingia mpaka ndani ya tumbo la ndege, akatoka na bomba refu lenye chujio mwishoni. Akawaita wenzake wote waje waone. Akawaambia sasa ameelewa kwa nini wazungu hawachoki kuruka. Ati kumbe wana chungu cha busaa huko juu, na huu hapa mrija wao.

Bi Zaituni alisema baba yake alipofika hapo alikuwa hawezi kuendelea kwa kicheko, miaka yote.

Bomba lilikuwa refu mno kubebwa, wakalikata kwa msumeno. Hawakugombana. Wanjala alitaka upande wenye chujio. Feruzi akasema yeye ni mtu wa swala, chujio la nini, akachukua upande mtupu, akaupulizia moto wa jikoni mpaka vita vikaisha. Kisha akaupulizia moto wa Kitale.

Nilimwomba tuunganishe vile vipande viwili. Nilitaka vishikane, nivipige picha, nimwonyeshe baba mkubwa. Tukajaribu. Havikushikana. Upande wetu uliokatwa ndio wa mdomo, na meno ya wazee wawili yalikuwa yameula kabisa. Upande wake moto ulikuwa umeula. Unene ni mmoja, rangi ni moja, lakini pale vilipoachana hapajulikani tena.

Kwa hiyo sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya mdomo wa yule mama. Na kwetu habari ya maiti haisemwi kwa niaba. Mwenye kuijua anasimama mwenyewe mbele ya watu.

Nikamwomba aje Bokoli. Akatikisa kichwa. Mama wa umri wake, ametoka hija, aende kwenye mkutano wa pombe? Watu wa mtaa watasema nini? Nilianza kuufunga mrija. Nikamshukuru, nikasema angalau kukhu atafurahi kujua mume wake alipewa jina la mtu mwema.

Akanishika mkono. "Jina la nani?"

Nilikuwa sijamwambia, wakuu. Katika haraka zangu nilisema kuka, kuka, tangu mwanzo. Nikamwambia kuka aliitwa Feruzi. Mpaka msalaba wake umeandikwa Feruzi.

Yule mama alijifunika uso kwa kanga akalia. Sufuria ya wali ikaanza kunukia kuungua na hakuna aliyethubutu kuigusa. Alipojifunua alisema Mbukusu huyo alibeba jina la baba yake maisha yote, na yeye hakuhudhuria hata mazishi. "Nitakuja. Nitakuja chungu kikiwa bado kikavu."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kumkumbuka kuka tulitoka Kitale asubuhi na gari ya jirani, Probox, Bi Zaituni mbele na sambusa kwenye ndoo, mimi nyuma na mabomba mawili mapajani. Tulipofika, kukhu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cha kanisa. Bi Zaituni akamwendea moja kwa moja, akapiga magoti nusu, akamwita mama. Kwa sababu mke wa Feruzi, akasema, ni mama yake, hata kama wote wawili wana mvi.

"Karibu, mwanangu," kukhu akasema. "Umechelewa kuja nyumbani."

Wazee walikuwa wameshakaa. Chungu kiko katikati, kitupu. Bi Zaituni alisimama akasimulia yote: tope, bawa, kiatu, chai. Alipofika kwenye mzungu na busaa ya angani wazee walicheka hadi mmoja akaangusha fimbo. Baba mkubwa hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe.

Akauliza kama yule mzungu alikufa baadaye.

Bi Zaituni akajibu kwamba hilo hajui, lakini kwenye ndege hakufa, na ndani hakukuwa na mwingine.

"Uliona?"

"Sikuwa nimezaliwa, baba. Lakini baba yangu aliosha maiti za Waislamu wa mji huu mpaka mikono ikamtetemeka. Mtu wa kazi ile hachezi na habari ya maiti."

Baba mkubwa aliinamisha kichwa. Mimi moyoni nilikuwa tayari nashangilia. Nimeshinda, mrija umepona, kuka atapata haki yake. Kisha nikamsikia akisema polepole, kama mtu anayejisomea:

"Basi watoto wangu walikufa tu."

Wakuu, ile furaha ilinitoka yote. Nilikuwa sijafikiria hilo hata mara moja. Kwa miaka yote ile alikuwa na kitu cha kulaumu. Kilikuwa kimetundikwa ukutani, anaweza kukinyooshea kidole. Na mimi nimezunguka Kitale nzima ili nimpokonye.

Kukhu alitoka mlangoni akaja katikati ya wanaume, jambo ambalo hafanyi. Akamwekea mwanawe mkono kichwani, mzee mwenye mvi, kama anavyowekwa mtoto.

"Walikufa tu, Simiyu. Hakuna aliyewaita. Na wewe hukuwaita."

Baba mkubwa akalia. Tulimwacha alie. Bi Zaituni alikuwa ameshaketi pembeni, anaomba dua yake taratibu.

Baadaye baba mkubwa akaomba maji. Akauosha ule mrija mwenyewe, nje na ndani, akaukung'uta. Aliponipa aliniambia niukamate chini kidogo, maana juu pale una makali. Busaa ikamiminwa, maji moto yakaongezwa. Bi Zaituni akaaga chungu kwa mkono, akaingia jikoni na kukhu.

Nilinyonya mara ya kwanza mbele ya wazee. Nilikohoa. Walicheka.

Na hapo baba mkubwa akaanza kuzungumza. Alisema Collins alikuwa anaogopa bata. Kijana mkubwa, ndevu zimeota, anaendesha pikipiki njia za matope, lakini bata wa jirani akipita anapanda ukuta. Akamwigiza. Nikaona wazee wazima wanajishika mbavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia jina la Collins likitoka mdomoni mwake tangu tumzike. Kisha akahamia kwa Dennis, na chungu kikaongezwa maji tena.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Ukienda kutafuta ukweli wa kitu cha ukoo, uliza kwanza ni nani amekiegemea. Unaweza kukitoa pale ukadhani umemsaidia, kumbe umemwondolea ukuta. Simaanishi usitafute. Tafuta, lakini siku ukiuleta uwe na mtu wa kumshika mkono.

Na waulizeni akina kukhu wenu mapema. Wamesikia vicheko vingi nyuma ya kuta.

Basi, wakuu, uwanja ni wenu. Kama kwenu kuna chuma, kofia, kijiko au chochote kilichorudi na askari wa zamani, tuambieni kinafanya kazi gani sasa hivi. Na kama kuna mtu wa Kitale humu ambaye babu yake alikuwa kambi moja na mpishi aitwaye Feruzi, tafadhali aandike hapa chini. Bi Zaituni ameniagiza niulize, na kila nikipita kwake ananiuliza kama kuna aliyejibu.